Soksi Isiyo na Kisigino

Sindano bora ya kufumia soksi ni spoki ya baiskeli, na kwa hilo sibishani na mtu. Sindano za dukani ni nene na zinateleza, zimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaofuma huku wakitazama runinga. Spoki unaikata kipande cha shibiri moja, unazisugua ncha zote mbili kwenye jiwe mpaka zisikwaruze kidole, unaipaka mafuta kidogo ya alizeti, umemaliza. Zinatakiwa tano. Nne zinashika vitanzi, zimekaa mraba, na ya tano ndiyo mtumishi wa wenzake: inazunguka upande hadi upande, inachukua kitanzi cha zamani na kuacha kipya, na soksi inashuka katikati yao bila haraka. Mtu asiyejua akikuona anadhani unapigana na nungunungu.

Mama ndiye aliyenifundisha. Yeye alifundishwa na masista wa misheni upande wa Kaengesa, enzi za usichana wake. Masista walitaka wasichana wajue kufuma vitambaa vya altare, vile vyeupe vyenye maua ya matundu pembeni. Mama alifuma kimoja, akakikabidhi, kisha akamwomba sista amfundishe soksi. Sista akamuuliza kwa nini. Mama akajibu kwamba altare haisikii baridi. Hadithi hii aliisimulia kila mwaka ulipoingia mwezi wa sita, na kila mara kwa majivuno yaleyale, kana kwamba alikuwa amemshinda askofu.

Na baridi ya kwetu si ya kutania. Watumishi wa serikali wanaohamishiwa Sumbawanga kutoka Dar wanashuka kwenye basi na ndala, na wiki haijaisha utawakuta mnadani wakigombea makoti ya mitumba. Upepo wa mwezi wa saba hauna adabu. Unaingia chini ya mlango, unaingia kwenye mikono ya sweta, na huku uwandani hakuna mti wa maana wa kuuzuia. Sisi tulikwenda shule na soksi za mama ndani ya raba za plastiki. Hazikuwa nzuri. Zilitokana na masweta ya mitumba aliyoyafumua, kwa hiyo soksi ingeweza kuanza kijani juu, ikawa kahawia katikati na ikaishia zambarau penye vidole. Wenzetu walitucheka. Lakini walitucheka huku wakitetemeka, na kicheko cha mtu anayetetemeka hakina nguvu.

Raha ya kazi hii nimejaribu mara nyingi kuieleza na nimeshindwa, kwa sababu ukiieleza inaonekana upuuzi wa watu wasio na kazi. Kuna raha ya vidole: sufu ya kweli ina mkwaruzo mdogo inapopita katikati ya vidole, na ina uvuguvugu wake hata kabla haijawa kitu. Kuna raha ya sikio, ule mgongano mdogo wa spoki kwa spoki. Lakini kubwa kuliko zote ni kisigino. Unafuma kuzunguka, kuzunguka, soksi inashuka kama bomba, halafu ukifika penye kifundo cha mguu unaacha kuzunguka. Unachukua nusu ya vitanzi tu, unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, kila safari unaacha kimoja nyuma, kisha unaanza kuvirudia ulivyoviacha. Na kitambaa kinapinda. Hakuna aliyekikata wala kukishona, kimepinda chenyewe na kufanya kimfuko cha kukaa kisigino cha mtu. Nimekifanya kisigino hicho tangu darasa la nne na mpaka leo sijaelewa sawasawa kwa nini kinatokea. Kila mara kikitokea nafurahi, peke yangu, kama mjinga.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Waliofundisha na mimi shuleni wanalijua hilo, na marehemu mume wangu alilijua zaidi. Kwenye kisigino hasira haikai, kwa sababu ukikasirika unapoteza hesabu, na ukipoteza hesabu unafumua. Mama aliniambia hivyo nikiwa mtoto na nikadhani ananifundisha soksi.

Kulikuwa na soksi za aina moja ambazo hazikuwa na kisigino. Kijijini kwetu marehemu hawazikwi miguu mitupu, wanavalishwa soksi, na kwa miaka mingi aliyezifuma alikuwa mama. Mtu akifariki, ndugu walikuja, wakapiga magoti na kupiga makofi taratibu kama tunavyosalimia wakubwa, na mama aliinuka kwenda kutafuta uzi kabla hawajamaliza kusema. Maziko ni kesho yake, na kisigino kinakula muda. Kwa hiyo alifuma bomba tupu kutoka juu hadi vidoleni, akalifunga nchani, akaanza la pili. Alisema kisigino ni cha mtu anayetembea. Nikitoka shule nilikuwa naangalia mapajani kwake kwanza. Soksi ikiwa imepita penye kifundo bila kupinda, nilijua tuna msiba kabla sijaambiwa ni wa nani.

Baba alipofariki, mama alikuja kuishi na mimi hapa Kasense, pembeni ya mji, ambapo nina nyumba na kashamba ka mahindi. Tulikaa vizuri. Tulifuma pamoja barazani mchana, yeye kwenye kiti chenye mto mgongoni, mimi kwenye kigoda, na alikagua kazi yangu kama mkaguzi wa elimu. Alisema nakaza mno uzi. Alisema soksi zangu ni za adhabu. Yeye hakutazama alichofanya, vidole vilijiendea, na macho yake yalikuwa barabarani akihesabu nani kapita na nani hajamsalimia.

Kisukari kilikuja naye au kilimkuta hapa, sijui. Tulichogundua ni miguu. Siku moja alirudi kutoka kanisani na ndala moja, na hakujua nyingine ilimtoka wapi. Alikuwa ametembea njia nzima ya kokoto na unyayo wazi na hakusikia kitu. Hospitalini wakamweleza kwamba miguu yake imekufa ganzi na haitarudi, kwamba asitembee peku, asiote moto karibu, na avae soksi wakati wote. Mama aliyafuata yote kwa uvivu isipokuwa hilo la mwisho. Kuambiwa na daktari avae soksi kulimpandisha cheo. Aliwaambia majirani kwamba sasa hata serikali imekubali.

Sasa lazima nieleze jambo la uzi, maana ndilo lililotufikisha tulikofika. Mama hakuwahi kununua sweta la mtumba bila kuchoma uzi wake. Alikuwa anachomoa unyuzi mmoja chini ya pindo, anauwasha kiberiti na kunusa. Ukinuka nywele zilizoungua, ni kondoo. Ukinuka plastiki na kujikunja kidonge cheusi, ni nailoni, na alilirudisha sweta kwa dharau mbele ya mwenye mali. Wauza mitumba walikuwa wakimwona tu wanaficha nailoni. Lakini mwaka juzi duka moja mjini lilileta madonge ya uzi mpya, laini, mwekundu kama damu ya mzee, na kila donge lilivikwa karatasi yenye picha ya kondoo. Mama aliupenda uzi ule. Nilimwona akiugusa shavuni dukani. Hakuuchoma. Mtu hawezi kuwasha kiberiti ndani ya duka la watu, na isitoshe kondoo alikuwepo pale kwenye karatasi, amesimama, anatazama. Mama alimwamini kondoo.

Alijifumia jozi moja nene kwa ajili ya baridi. Zilikuwa soksi nzuri kuliko zote alizowahi kufuma, na visigino vyake nilivionea wivu.

Ilikuwa mwezi wa saba, mchana, upepo unapiga mabati. Jirani yetu alikuwa amekuja kutembea, na mama alikuwa anamsimulia ile habari ya sista na altare. Jiko la mkaa lilikuwa katikati yao, mbali kiasi, nililiweka mimi na nikapima kwa macho. Mama alikuwa na tabia ya kujisogeza mbele hadithi ikinoga. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage. Nikasikia harufu ya plastiki nikadhani watoto wa jirani wanachoma takataka. Nikamsikia mama akicheka, kile kicheko chake cha mwisho wa hadithi, na harufu ikazidi, ndipo nikatoka. Soksi ya kulia ilikuwa imeyeyuka na kushikana na mguu, na yeye alikuwa bado anacheka.

Sitaeleza kuondolewa kwa ule uzi. Nesi aliyefanya kazi hiyo alikuwa msichana mdogo na alilia kuliko mama, maana mama hakusikia kitu.

Kidonda hakikupona. Tulikiosha, tukakifunga, tukakipeleka na kukirudisha, na kila baada ya kusema kina nafuu kikawa kimechimba zaidi. Vidole viwili vikawa vyeusi. Mama akalazwa. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ya chini, akanitoa nje ya wodi akaniambia kwamba mguu ule ukatwe chini ya goti, na upesi, la sivyo sumu itapanda na mama atakufa. Hakuzungushazungusha maneno na nilimshukuru kwa hilo, japo wakati ule nilitaka kumpiga.

Mama alikataa. Alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru daktari kwa adabu zote za Kifipa, akakataa.

"Nilikuja na miwili," alisema, "nitaondoka na miwili."

Nikampigia simu kaka yangu, anayefanya kazi ya kupakia malori kule Kasesya mpakani. Akaja na mjomba wetu, mdogo wake mama, ambaye ndiye mwenye neno katika ukoo siku hizi. Walikaa kitandani kwa mama, mmoja huku na mmoja kule, wakasema yote yanayosemwa. Mjomba alimkumbusha kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Mama akamjibu kwamba hiyo nusu ingekuwa mguu wake mjomba, angemsikiliza. Kaka akamweleza habari za mtu wa Kasesya anayeendesha pikipiki kwa mguu wa bandia. Mama akauliza kama mtu huyo naye ana umri wake. Wakaondoka wameinamisha vichwa.

Wageni waliendelea kuja, kila mmoja na chupa ya uji na ushauri. Mwanamke mmoja wa jumuiya yetu, mwenye nia njema kama wote wenye midomo mirefu, alisimama mlangoni mwa wodi akanong'ona kwamba mama alikatazwa moto, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimwambia uji wake tumeupokea, na njia aliyojia bado ipo. Hajanisemesha tangu siku hiyo. Sijapungukiwa.

Nilikuwa namkasirikia mama pia, sitaficha. Nilimwogesha, nikamlisha, nikambadilisha shuka, na muda wote moyoni nilikuwa nagombana naye. Niliona ni ukaidi tu. Nilifikiri anaupenda ule mguu mweusi kuliko anavyotupenda sisi. Harufu yake ilikuwa imeshaanza kujaa wodini, na wagonjwa wa jirani walikuwa wanageuzia nyuso ukutani kwa adabu.

Kisha asubuhi moja, nikiwa namchana nywele, akaniuliza wanaupeleka wapi. Nikauliza nini. Akasema mguu, wakishaukata. Sikujua, nikaenda kumuuliza daktari, naye akasema kwamba hospitali ina tanuru lake la kuchomea, kule nyuma. Nilirudi nikamwambia vilevile, kwa sababu mama hakuwahi kupenda kufichwa mambo.

"Umeshaungua mara moja," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikajiona mpumbavu. Nilitoka tena nikamfuata daktari kwenye korido nikamuuliza kama tunaweza kuuchukua tukauzike kwetu. Akasema wapo wanaofanya hivyo, ilimradi tuuchukue siku hiyohiyo. Nikamweleza mama: tungeuchukua, kaka angeupeleka kijijini, ungelala pembeni ya baba. Aligeukia ukutani, na mimi nikamaliza nywele zake upande niliouona.

Kesho yake akaniambia nimtafutie sufu. Ya kondoo kweli, akasema, niichome kwanza.

Nilikwenda kwenye mitumba na kiberiti mkononi. Nilipindua marundo mpaka mwenye kibanda akaanza kuguna. Nilichoma nyuzi za masweta mengi, na karibu yote yakanuka plastiki na kujikunja vidonge, na kila kidonge kilinirudisha barazani kwangu. Mwishoni nikapata sweta la kiume la kijivu, viwiko vimetoboka, linanuka dawa ya nondo. Uzi wake uliungua polepole ukawa majivu, ukanuka nywele. Nililikumbatia pale sokoni, mbele za watu.

Tulilifumua pamoja kitandani. Wasiofuma hawaijui raha hii nyingine, ya kufumua. Unatafuta mwanzo, unavuta, na safu nzima inakuachia bila ugomvi, kisha inayofuata, na sweta ambalo mtu wa nchi ya mbali alilivaa miaka mingi linarudi kuwa uzi, umejipindapinda kama nywele zilizofumuliwa misuko. Mama alivuta, mimi nikakunja donge. Kwa muda huo hatukuzungumza habari za mguu. Alinicheka kwa jinsi ninavyokunja, akasema donge langu ni gumu, mtu akilirusha linaua kuku. Wodi nzima ikatutazama, na nadhani tulikuwa na furaha.

Akaanza kufuma. Aliketi amesimamishiwa mito, mguu uliofungwa umeinuliwa mbele yake, na spoki zikaanza sauti yake. Wanawake wa vitanda vya jirani walikuwa wanasogeza vichwa kuona. Nilimwangalia kwa siku hizo kama nilivyomwangalia nikiwa mtoto, nikisubiri afike penye kifundo. Alifika. Hakupinda. Akaendelea kuzunguka, kuzunguka, bomba likashuka chini moja kwa moja.

Ikawa dhahiri kwamba anafuma soksi ya kuzikiwa. Ila sikujua anamfumia nani. Ikiwa ni ya ule mguu, alihitaji moja tu. Ikiwa atafuma ya pili, ni zake mwenyewe, amechagua kwenda mzima, na uzi tulioufumua ungetosha kwa mbili na kubaki. Kaka alipiga simu kila jioni kuuliza mama amesemaje. Nilimjibu kwamba bado anafuma. Alikasirika, akaniuliza kwa nini nisimuulize tu. Lakini mtu mzima ukishamuuliza jambo kama hilo mara moja, la pili ni kumdharau. Daktari naye alipita, akaitazama soksi, akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Joto la mwili wake lilikuwa limeanza kupanda na kushuka, na siku zilikuwa zinatuishia.

Alifunga ncha mchana mmoja baada ya chakula. Alikata uzi kwa meno, akaificha ncha yake ndani kwa ustadi, akailaza soksi juu ya blanketi na kuinyoosha kwa kiganja. Ilikuwa ndefu na ya kijivu na haikuwa na umbo la mguu wa mtu yeyote. Mimi nilikuwa nimekaa chini, kwenye mkeka, na sikuthubutu hata kusogea.

Akachukua donge. Akatoa uzi, akaanza kutundika vitanzi vipya kwenye spoki. Kimoja, kingine, kingine. Niliviona vikiongezeka na nikajua kwamba nampoteza mama, hapo, mchana kweupe, huku mtu wa kitanda cha pili akimenya chungwa. Nilitaka kumnyang'anya. Nilitaka kupiga kelele. Spoki ya kwanza ikajaa. Akaishika mbele ya macho yake, akaitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Kisha akaivuta. Vitanzi vyote vikateleza na kuachia, uzi ukaanguka mapajani kwake. Akazikusanya spoki zote tano akanipa.

"Kamwambie daktari ni moja."

Nilifika mpaka barazani nje ya wodi nikakaa chini. Nililia pale sakafuni, kilio cha aibu, na mlinzi akaja kunipa pole akidhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, bado. Akaniangalia akaenda zake.

Walimpasua asubuhi yake. Kwetu mwanamke anaoshwa na kuvalishwa na wanawake wa kwake, kwa hiyo waliponiita kwenye chumba kidogo cha nyuma kuja kuuchukua, niliingia mimi na kaka akabaki mlangoni. Ulikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Niliosha palipooshika. Niliona kovu dogo la jembe kwenye muundi, ambalo nilikuwa nimelijua maisha yangu yote na sikuwa nimelitazama. Nikaukunja mdomo wa soksi, nikaanzia vidoleni, vile vyeusi na vile vizima, nikaipandisha taratibu ili isikwame. Ilipanda bila shida. Soksi ya namna hiyo haibishi, inafuata inapopelekwa. Niliuambia ule mguu pole, kwa Kifipa, kwa sauti, na sikuona ajabu.

Kaka alikuwa ametengenezesha kisanduku kwa fundi seremala mjini. Fundi alipoona kipimo aliuliza ni mtoto wa umri gani. Kaka akamwambia si mtoto, na alipomweleza, fundi akaenda kutafuta msumari mwingine. Kule kijijini, kaka alinisimulia baadaye, watu walikusanyika bila kujua waseme nini. Katekista alipata kigugumizi, akapekua kitabu chake chote, hakukuta sala ya mguu. Mjomba akasema wasali Baba Yetu, kwa kuwa haijawahi kumkosea mtu. Wakasali, wakafukia, upande wa kulia wa baba. Wanawake walileta unga wa ulezi kama kwenye msiba wowote, wakasonga ugali, wakala. Mzee mmoja akatoa pole kwa niaba ya wote, akakwama katikati, akasema poleni kwa hiki kilichotokea.

Mama alipona, kwa kadiri mtu anavyopona. Tulirudi naye Kasense. Homa iliondoka, kidonda cha pale walipokata kikafunga, na alijifunza kujiinua kutoka kitandani hadi kwenye kiti kwa mikono. Lakini hakuzishika tena spoki. Niliziweka karibu yake na sufu ile iliyobaki, na zikakaa hapo. Alisema macho yamechoka. Mimi nilifuma peke yangu pembeni yake, na sikuwa na mtu wa kuniambia kwamba nakaza uzi. Mchana ulikuwa mrefu. Barabarani watu walipita na hakuwahesabu.

Jana upepo ulikuwa mkali, mabati yanapigapiga, na nikamsikia anaguna. Nikamuuliza nini kinamuuma. Akasema mguu. Nikamuuliza upi, nikashika huu wa kushoto, akautoa mkononi mwangu. Akasema ule. Ule una baridi.

Nilikuwa nimechoka, nikamjibu vibaya. Nilimwambia mama, ule haupo. Daktari alikuwa ametuonya kwamba wengi waliokatwa huendelea kuusikia mguu usiokuwepo, kwamba ni mishipa tu, na nikamweleza hayo kama nilivyoelezwa. Alinisikiliza kwa ile adabu aliyomsikilizia daktari.

"Nilipokuwa nao sikuusikia," akasema. "Uliungua, sikuusikia. Sasa uko kule kwenye udongo ndiyo nausikia, mwanangu, wote, mpaka kidole kidogo."

Niliweka chini soksi niliyokuwa nafuma. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda, nikaingiza mikono yote miwili chini ya blanketi, upande wa kulia, ambako hapakuwa na kitu ila shuka. Nikaiweka pale nilipodhani mguu ungekuwa.

"Chini kidogo," akasema.

Nikashusha mikono.

"Hapo."

Nikavikunja viganja nikashika, na nikakaa hivyo mpaka akasinzia.